Sura ya Nne: siku sita, kutoka Tabora hadi Kibirizi

Jumatatu, Tabora

Basi limetushusha jua linazama. Kutoka Dodoma ni kutwa nzima, na safari yote nimepakata begi lenye fomu sitini ambazo bosi wangu alisisitiza zisiingie kwenye buti. Dereva wa bodaboda akasoma maandishi ya fulana yangu, akaniuliza, "Kwa hiyo dada wewe ni wakili?"

"Hapana. Mtetezi."

"Tofauti yake?"

"Wakili analipwa."

Akacheka mpaka pikipiki ikayumba, halafu nauli akanitajia ileile ya wageni.

Ukweli ni kwamba shahada ya sheria ninayo, ila sijaapishwa. Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo inaisubiri ada yangu, na mimi naisubiri hiyohiyo. Huu ni mwaka wa pili nazunguka mikoani kuwasikiliza wahadhiri na wanafunzi waliozuiwa kufundisha, kutafiti au kuchapisha. Fomu yetu ina maswali kumi na mawili. La saba ndilo bosi huangalia kwanza: Nani alikuzuia? Taja cheo, tarehe na nambari ya barua.

Chandarua cha gesti kina tundu linalopitisha embe. Mbu wa Tabora wanalijua.

Jumanne, Tabora

Niliyemfuata huku ni kijana mzaliwa wa Kigoma. Chuo alichosoma sitakitaja, naye pia simtaji. Amehitimu, ajira hajapata, anajitolea kufundisha sekondari moja hapa mjini. Tulikaa chini ya mwembe karibu na stesheni. Miembe ya Tabora ni mizee, mingine inasemwa ilianza na misafara ya pembe na watumwa, na mwezi huu wa Novemba imeelemewa. Kila baada ya muda kitu kinadondoka, pu! Unakatisha sentensi, unatazama kama ni lako.

Akatoa utafiti wake wa mwaka wa mwisho, umebanwa vizuri, jalada la bluu. Kichwa chake ni hali ya maisha ya wanawake wauza dagaa wakati Ziwa Tanganyika lilipofungwa. Ziwa lilipumzishwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Yeye alikuwa huko, kwao, akiwauliza akina mama wanaishije.

Anayezijua tafiti za vyuo vyetu anajua sura ya nne ndiyo matokeo. Tatu za mwanzo unaonyesha umesoma vya wenzako, ya tano unashauri. Yako wewe ni ya nne. Nikaifungua. Umri wa wahojiwa. Jinsia ya wahojiwa, jedwali zima la kusema wote ni wanawake. Kiwango cha elimu. Hali ya ndoa. Kisha, bila hata kukohoa, sura ya tano: Hitimisho.

"Matokeo yako wapi?"

Akafungua zipu ya ndani ya begi, akatoa kurasa kumi na moja zilizokunjwa mara mbili. Sehemu ya 4.3.

Pembeni ya kila jedwali kulikuwa na maneno mawili yaleyale ya msimamizi wake: "Tuangalie hapa." Nikainua karatasi kwenye mwanga. Yameandikwa kwa penseli, tena penseli laini, mkono mwepesi kiasi kwamba ukipitisha kidole yanafifia. Maoni mengine yote ya msimamizi, koma, herufi kubwa, mwaka uliosahaulika, yako kwa kalamu nyekundu. Haya tu ndiyo kwa penseli.

Nikatoa fomu. Swali la saba.

"Hakuna aliyenizuia," akasema. "Nilishauriwa."

"Ulishauriwa nini?"

"Kwamba isije ikaonekana napinga Serikali. Halafu kuna ile sheria ya takwimu, unafungwa."

Hapo nikapata pa kusemea. Kweli Sheria ya Takwimu ya 2015 ilifanyiwa mabadiliko mwaka 2018, na mabadiliko yale yalikuwa makali: kutangaza takwimu kulihitaji idhini ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kusambaza zenye kupotosha au kudhoofisha takwimu rasmi lilikuwa kosa, faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake hadharani. Mwaka 2019 Bunge likairekebisha tena, likaondoa adhabu ile ya jinai kwa kuchapisha. Wakati kijana huyu anashika dodoso lake, kifungu cha kumfunga kilikuwa kimeshaondoka miaka mitano.

"Na msimamizi wako alijua?"

Akaokota embe lililodondoka, akalifuta kwenye suruali. "Sikumuuliza. Wewe ungemuuliza?"

Sikujibu. Mwaka wa tatu mimi mwenyewe nilibadilisha mada ya utafiti siku mbili kabla ya kuiwasilisha, na sikuwahi kumwambia mtu sababu.

Jioni nimempigia msimamizi. Nilijiandaa kukutana na mtu mbaya, nikakutana na mtu aliyechoka. "Mdogo wangu, nina watoto wa watu ishirini na wanane wa kusimamia. Nataka wote wahitimu. Huyo kahitimu au hakuhitimu?" Nikamuuliza kama kuna aliyemwagiza. Hakuna. Kuna aliyewahi kumuonya? Hapana, ila mwenzake idara nyingine aliwahi kuitwa. Kuitwa na nani? Hajui vizuri, alisikia. Akanitakia safari njema, na nadhani alimaanisha.

Jumatano, Tabora, kisha treni

Asubuhi nilikwenda Isevya kumwona mwalimu mstaafu ambaye bosi wangu aliniambia nisipite Tabora bila kumsalimia. Nikamwamkia "Mwangaluka," kwa matamshi yaliyomfanya anihurumie, nikarudi haraka kwenye shikamoo. Akaniwekea asali kwenye kisahani, na embe.

Ni mzee wa kusimulia kwa miaka. Nyerere aliingia shule ya Tabora mwaka 1937. Januari 1958 hapahapa Tabora, TANU ilibishana iingie au isiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule wa kumlazimisha kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Nyerere akawashawishi waingie. Mwaka huohuo akashtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya alichoandika katika Sauti ya TANU kuhusu maofisa wawili wa wilaya. Faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Akalipa.

"Haya. Miaka minane baadaye," mzee akasema, akilamba kijiko, "Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu wanaandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nani aliwafukuza?"

"Nyerere."

"Zaidi ya mia tatu. Na siku hiyohiyo akajikata mshahara wake asilimia ishirini, maana walimwambia wakubwa wanakula. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Mtu yuleyule mmoja. Ninyi vijana mkija hapa kila mmoja anataka nimpe nusu yake tu."

Nikamtajia Cheche, jarida la wanafunzi wa Mlimani lililopigwa marufuku mwaka 1970. Akatikisa kichwa. "Sasa hiyo ilikuwa marufuku. Unajua nani kasema. Unakasirika naye, unaandika lingine unalipa jina jipya." Na ndivyo ilivyokuwa, MajiMaji likafuata. Nikamweleza habari ya penseli. Alikaa kimya muda, akaomba nimwelezee tena yale maandishi yalivyokaa pembeni ya jedwali, kisha akasema tu, "Mwalimu huyo aliogopa hata kuogopa kwake kuonekane."

Nimeliandika hilo kwenye fomu, swali la saba, kisha nikalikata. Halina cheo wala tarehe.

Treni ya kwenda Kigoma iliondoka baada ya muda wake. Sitaeleza muda wake ulikuwa upi.

Usiku wa Jumatano, ndani ya treni

Usoke, Urambo, Kaliua. Urambo walipojaribu karanga za Waingereza baada ya vita, zikawashinda. Leo ni tumbaku. Kaliua reli inachepuka kwenda Mpanda. Kila stesheni mabeseni yanainuliwa mpaka usawa wa dirisha: karanga za kuchemsha, mayai, mihogo, asali kwenye chupa za maji.

Nilikuwa nimetandaza karatasi zangu magotini. Kwa miezi kadhaa najaribu kulitia Kiswahili Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa kijamii wa wanataaluma. Wahadhiri walilipitisha Aprili 1990. Mei mwaka uleule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungwa. Novemba wenzao wa nchi nyingine za Afrika wakakutana Uganda, likatoka Azimio la Kampala. Kinachonikera ni kwamba maandishi yaliyozaliwa Dar es Salaam yananipa tabu kuyasema kwa lugha ya Dar es Salaam. Uhuru wa kitaaluma. Mtu akilisikia anadhani ni jambo la watu wenye suti.

Jirani yangu, mkulima wa tumbaku anayeenda msibani Nguruka, akaniuliza ndiyo nini hicho. Nikaanza na Ibara ya 18 ya Katiba, kwamba kila mtu anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Macho yake yakaanza kufunga. Nikaachana na Katiba, nikamsimulia kijana na kurasa zake kumi na moja.

Akazinduka. "Kwetu mnadani, mzani tunauona wote. Kilo arobaini ni arobaini. Daraja analiona mteuzi peke yake. Akisema la tatu, ni la tatu, unabeba unaondoka." Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo huyo kijana alipima, halafu akaficha mzani."

Nimelala na sentensi hiyo. Malagarasi tuliivuka gizani, nikasikia tu daraja likibadilisha sauti ya magurudumu. Uvinza niliamshwa na harufu ya kahawa na wauza chumvi.

Alhamisi, Kigoma na Ujiji

Stesheni ya Kigoma ni jengo la Wajerumani, limekaa mwisho wa reli kama mtu aliyefika akakosa pa kwenda, na ng'ambo yake ni ziwa. Kila nikiliona nashangaa. Maji ya kina cha mita 1,470 na yametulia hivyo.

Mama niliyekuja kumwona kule Kibirizi, mmoja wa wauza dagaa waliohojiwa na kijana, alisema nije kesho. Leo yupo msibani. (Safari hii kila mtu yuko njiani kwenda msibani au anatoka huko.) Nikapanda daladala kwenda Ujiji.

Kumbukumbu ya Livingstone na Stanley ni sehemu tulivu, ua uliofyekwa, mnara, na miembe inayosemwa imechipuliwa kutoka ule wa zamani. Walikutana hapa mwaka 1871. Mtembezaji alinipa ile hadithi inayojulikana, nami nikamuuliza ambayo haijulikani sana. Julai mwaka ule, kule Nyangwe kwenye mto Lualaba, Livingstone aliona wafanyabiashara wa watumwa wakiwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya gazeti kuukuu la London, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kwa matunda. Wino ukafifia. Mwaka 2011 wataalamu waliyapiga maandishi yale picha kwa mwanga maalumu mpaka yakasomeka, na walipoyalinganisha na nakala safi aliyoiandika baadaye wakakuta havifanani: mambo ya mwenendo wa watu wake mwenyewe aliyalainisha.

Mtembezaji alifurahi, akaomba nirudie taratibu ili awaambie wageni. Mimi nilikuwa mbali. Nawaza mzee mmoja hapa Ujiji, mgonjwa, hana wa kumtisha wala msimamizi, ameshika kalamu na anajiambia, tuangalie hapa.

Jioni nilikula ugali wa muhogo na migebuka ya mawese. Hilo sina la kuongeza.

Ijumaa, Kibirizi

Nilifika mwaloni saa mbili asubuhi. Mbalamwezi imekuwa kubwa, kwa hiyo dagaa hawavuliwi. Taa hazifui dafu kwa mwezi mpevu, samaki hawakusanyiki. Vipe, ile mitumbwi inayofungwa miwili miwili na wavu wa kuinua katikati, vimevutwa juu vinazibwa nyufa. Mialo yote ikilala hivi ndipo watu wana muda wa kuzungumza. Kijana alikuwa ameniambia: nenda siku za mwezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe uliyetumwa na yule mtoto? Yuko wapi yeye?"

"Tabora, anafundisha."

"Alikaa hapa wiki tatu anatuuliza. Tunakula nini, tunadaiwa na nani. Tukamjibu. Akasema ataleta mrejesho." Alilitamka neno mrejesho kama mtu anayetaja deni. "Tukasema labda hatukujibu vizuri."

Hilo sikulitegemea. Miaka miwili nasikiliza waliozuiwa kusema. Sikuwahi kufikiria kwamba upande wa pili kuna watu waliokaa wakidhani kosa ni la majibu yao.

Utafiti wa kijana ulifika hapa kwa njia halali kabisa. Barua ya chuo ikaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, ikaja kwa mtendaji wa kata, mtendaji akampigia mwenyekiti wa mtaa, kila kituo muhuri. Niliihesabu mihuri kwenye nakala yake, ni mitano. Kuingia kuuliza kunahitaji mihuri mitano. Kuondoa majibu hakukuhitaji hata mmoja.

Nikatoa kurasa kumi na moja, ambazo kijana aliniruhusu kuja nazo. Mama akasema miwani yake iko nyumbani, nisome mimi. Wenzake wanne wakasogea, mmoja akiendelea kuchambua dagaa waliobaki, akitoa wenye mchanga. Nikasoma 4.3 yote kwa sauti, nikiitafsiri papo hapo, maana alitakiwa aiandike kwa Kiingereza. Huko nako kuna mlango uliofungwa, lakini leo siufungui.

Nilipofika jedwali la pili, Mhojiwa wa 6, mikopo wakati wa kufungwa ziwa, mama akainua mkono.

"Wa sita ndiye mimi?"

"Nadhani."

"Kwa nini hakuandika jina?"

Nikaeleza habari ya kuwalinda wahojiwa. Wakacheka wote. "Mwalo mzima unajua nadaiwa! Aliyedai alikuja na spika!"

"Ameandika shilingi ngapi?" mwenzake akauliza.

"Laki tatu na elfu arobaini."

"Siyo." Mama akainuka, akaingia kibandani, akarudi na kaunta buku, jalada limelainika kama kitambaa. Akalifungua pajani. Kila siku ina mstari wake: beseni ngapi, bei gani, nani amechukua kwa mali kauli. Kuanzia katikati ya Mei 2024 mistari inabadilika. "Hakuna." "Hakuna." "Hakuna, nimeuza kitenge." Ameandika hivyo kila siku, hakuruka, kurasa na kurasa, kwa kalamu ya bluu iliyokandamizwa mpaka ukipapasa nyuma ya karatasi unaisoma kwa vidole. Tarehe moja ya Juni kuna neno "kausha damu", ile mikopo ya riba ya kukamua, na pembeni: 430,000.

"Laki nne na thelathini. Amegeuza tarakimu." Hakukasirika. "Angeleta mapema ningemrekebisha."

Kisha akaniangalia moja kwa moja. "Na wewe uandike hili. Mimi sikupinga ziwa kufungwa. Ziwa likipumzika mimi nitakula kesho. Nilisema nadaiwa. Kuna tofauti."

"Ipo, mama."

"Sasa huyo aliyeogopa, aliogopa nini?"

Nilifungua begi nitafute fomu, si kwa sababu ina jibu, ila mikono ilihitaji kazi. Nikaikuta kalamu kwanza. Nikalikata lile 340,000 kwa mstari mmoja, nikaandika 430,000 juu yake, na mama akainama kuhakikisha sifuri ni nne.

Jumamosi, kwenye basi

Tumetoka Kigoma alfajiri. Mama amenipa kifurushi cha dagaa, kimefungwa kwa gazeti na mfuko mara mbili na bado basi zima linajua ninacho. "Mpelekee. Mwambie ni kutoka kwa wa sita." Wenzake wanne walikuwa bado wanacheka nilipoondoka.

Fomu nimejaza maswali yote isipokuwa lile la saba. Bosi atauliza. Chini ya nililolikata nimeacha nafasi nyeupe, sikuandika "hakuna" wala "haijulikani", na nitamweleza kwa mdomo kama atanipa nusu saa.

Karibu na Uvinza mtandao ukarudi. Nilimtumia kijana picha mbili, ukurasa wa kaunta buku (mama alisema "piga, piga na hapa") na jedwali lenye masahihisho yangu. Alama mbili za bluu zikatokea, kisha kimya cha kutosha kununua mihogo, kuila, na kumaliza maji.

"Ukurasa wa ngapi huo?"

"Wa 43. Jedwali la pili."

"Ngoja niwashe kompyuta."